Gundi ya Jikoni kwa Elide

Kijijini kwetu Montevarico, ukiingia jikoni kwa mtu hushangai kukuta cherehani mahali ambapo wengine huweka kabati la vyombo. Miaka ile ya sabini karibu kila nyumba ya kilima chetu ilishona viatu. Viwanda vilikuwa bondeni, kwenye njia ya kwenda Fermo, lakini nusu ya kazi ilifanyika kwetu, kati ya sinki na meza ya chakula. Wanaume walikata ngozi kiwandani. Wanawake tulishona nyumbani. Mimi nilishona miaka kumi na minne kabla sijaanza kufundisha watu wazima kusoma. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyatoa kitabuni. Niliyaona, na mengine niliyafanya mwenyewe kwa ujinga wangu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Elide. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili. Aliishi na mumewe Quinto, binti yao Mirella wa miaka minane, na mama mkwe wake, Bibi Primetta.

Kila Jumatatu alikuja Gualtiero, mtu wa kiwanda. Alipanda kilima na kigari chake cha magurudumu matatu, akashusha mafurushi ya vipande vya ngozi. Kazi yetu ilikuwa kuunganisha vipande hivyo na bitana yake, ile ngozi laini ya ndani, vikawa sehemu ya juu ya kiatu. Huko kiwandani waliivalisha kwenye kalibu, ule mguu wa mti, mashine ikaivuta ngozi mpaka ikakaza, ndipo soli ikabandikwa na kukandamizwa.

Usidhani kushona ngozi ni kama kushona gauni. Kwanza unachonga ukingo uwe mwembamba. Kisha unaupaka gundi, unangoja ikauke kidogo, unaukunja na kuugonga kwa nyundo ndogo. Hapo ndipo unashona. Ngozi isiyopakwa gundi huteleza chini ya sindano. Na mshono wa ngozi ukienda kombo umeharibu, kwa sababu tundu la sindano halizibiki.

Elide alikuwa fundi kutuzidi sote. Cherehani yake ilikuwa ya nguzo. Haina meza bapa. Sindano inashuka juu ya kinguzo kifupi, nawe unakizungusha kiatu juu yake unavyotaka. Inaendeshwa kwa mota, na mguu ndio unaoamua mwendo: ukikanyaga kidogo inatembea, ukikanyaga sana inakimbia. Mashine ilikuwa mali ya kiwanda, Elide ameazimwa tu. Lakini aliipenda kuliko fanicha zake zote, na alikuwa akiifuta kila Jumamosi kabla hajafuta vioo.

Kopo la gundi lilikaa mezani wazi mchana kutwa, brashi ikiwa ndani. Nani alikuwa na muda wa kufunga na kufungua? Elide aliliweka karibu na jiko la kuni, kwa kuwa joto hukausha gundi upesi. Saa ya chakula alisogeza kopo upande mmoja wa meza akakandia tambi upande wa pili. Gundi ikinata vidoleni, tulinawa kwa kile kimiminika cha kuizimulia, cheupe kama maji, chenye harufu ya petroli. Harufu tulikuwa tumeshaizoea. Mgeni akikohoa tulimcheka.

Sasa lazima niseme habari ya upepo. Sisi watu wa huku hatuogopi vitu vingi, lakini upepo wa dirishani tunauogopa kuliko mbwa mwenye kichaa. Shingo ikikaza, ni upepo. Tumbo likiuma, ni upepo. Mtu hakai katikati ya madirisha mawili yaliyo wazi hata mwezi wa Agosti, jasho likimtiririka. Bibi Primetta ndiye aliyekuwa mkuu wa chama hicho. Alivaa fulana ya sufu mwaka mzima, na mlango ukiachwa wazi kidogo tu alianza kuguna. Ukungu wa Oktoba ulipopanda, alijaza matambara kwenye madirisha yote ya jikoni, nami nilimsaidia kubandika karatasi kwenye nyufa. Karatasi zilikuwa zangu. Gundi pia.

Baada ya wiki chache ndara za Elide zilianza kumvuka. Alikuwa akitembea, anatazama nyuma, ndara imebaki. Mirella alicheka, na mama yake akacheka naye. Kisha vidole vya miguu vikaanza kumchonyota, vikafuata vya mikono. Asubuhi moja alishindwa kumfunga Mirella vifungo vya vazi la shule. Alijaribu mpaka kengele ya shule ikalia. Mtoto akatoka bila kufungwa, na Elide akakaa pale kwenye kiti anaitazama mikono yake.

Quinto alisema kosa ni la mashine. Kwake yeye kila kosa ni la mashine, maana kiwandani alikuwa kwenye ile ya kukandamiza kisu cha kukata ngozi, na iliharibika kila mwezi. Jumapili aliifungua cherehani, akaitia mafuta, akaweka springi laini zaidi kwenye pedali. Elide alimwambia sasa ni nyepesi sana, asante. Nadhani alitaka kumfurahisha. Siku ya Jumanne mguu ulikanyaga pedali yeye asijue umekanyaga kiasi gani. Mashine ikaruka mbio, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada.

Nilisikia ukelele nikakimbia. Tulimtoa, tukamfunga kitambaa. Alichokuwa akililia si kidole.

"Sikuuhisi mguu," aliniambia. "Dada, ulikuwa pale chini, unafanya mambo yake."

Daktari wa kijiji alisema ni baridi yabisi, akaamuru ajifunike. Bibi Primetta alishinda siku hiyo. Aliongeza matambara, akaongeza kuni jikoni, akamkalisha mkwewe na shali mbili kando ya jiko. Kando ya kopo, maana yake. Naye Elide alipaka gundi saa kumi kwa siku, kwa sababu kushona kulikuwa kunamshinda na kupaka aliweza bado. Gualtiero aliangalia mishono iliyopinda, hakusema neno baya. Alisema tu kwamba viatu vya mfano vya msimu wa kiangazi vinatakiwa mwisho wa Januari, na kwamba mashine ile haiwezi kukaa bure.

Chini kabisa ya jengo letu, mlango wa kwanza kushoto, aliishi Settimio. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, peke yake, amestaafu kabla ya wakati. Zamani alibandika soli kiwandani. Alitembea kwa kuinua magoti juu sana, kama mtu anayevuka tope. Watoto walimwita Jogoo. Watu wazima walisema ni divai ndiyo iliyommaliza. Mimi pia nilisema, tena mara nyingi.

Siku moja mwanzoni mwa Desemba, saa kumi na moja jioni, alipanda ngazi za ghorofa zote tatu akabisha kwa Elide. Nilikuwepo. Alikuwa hapandi kwa mtu. Alipofunguliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kulichukua kopo la gundi kutoka kando ya jiko, akalifunika kwa sahani, akalipeleka barazani nje.

"Moto na kitu kile havikai pamoja," alisema. "Hilo kwanza. La pili, Elide, nimekuwa nikikusikia ukipita mlangoni kwangu, pale kwenye vigae. Mtu hutanguliza kisigino. Wewe unatanguliza vidole, vinapiga chini, pa, halafu kisigino kinafuata. Mwendo wangu ulianza hivyohivyo."

Elide alikaa chini. Settimio alimwomba Bibi ruhusa ya kukaa, akakaa. Akauliza maswali machache. Kopo linakuwa wazi saa ngapi? Dirisha hufunguliwa lini? Mikono unanawia nini? Elide alijibu yote kwa sauti ndogo.

"Gundi ikikauka, ule umajimaji wake unakwenda wapi?" akauliza.

"Unakauka tu," alisema Elide.

"Haukauki tu. Unageuka hewa. Chumba kimefungwa, basi hewa ile ina mahali pamoja tu pa kwenda." Akajigusa kifua. "Unaivuta. Inaingia kwenye damu. Inakula mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kati ya kichwa na miguu. Inaanza na ile mirefu, ndiyo maana miguu hutangulia, mikono ikafuata. Na ukinawia kile kizimulio, kinapita hata kwenye ngozi."

Bibi Primetta alisema huo ni upuuzi, kwani yeye anakaa humuhumu na hana lolote. Settimio alimjibu kwa adabu kwamba yeye asubuhi yuko kanisani, mchana yuko kwa dada yake, na akiwa nyumbani anakaa kule kwenye kona. Hainamii kopo kutwa nzima. Bibi akatafuta neno la kumuumiza, akalipata.

"Wewe yako ilikuwa divai. Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kizima kilisema, Mama," alijibu Settimio. "Hospitali walisema ni gundi. Nyinyi mlipenda iwe divai kwa sababu divai ingekuwa kosa langu."

Niliona aibu. Niliangalia karatasi nilizobandika kwenye nyufa za dirisha, zimenyooka vizuri, kazi ya fundi.

Quinto alimpeleka Elide hospitali ya mjini wiki ile ile. Walimpima mishipa kwa sindano nyembamba na umeme mdogo. Daktari, mwanamke kijana, akasema Settimio hakukosea. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuachana na gundi kabisa, na mishipa itajijenga yenyewe polepole. Akasema jambo lingine pia, na hili naomba ulishike: kwamba hata baada ya kuacha, hali itazidi kuwa mbaya kwa wiki kadhaa kabla haijageuka. Uharibifu uliokwisha kuanza humalizia safari yake.

Elide akaacha. Gualtiero akaja kuichukua mashine. Aliitoa kwa Elide akaileta kwangu, kwa kuwa yangu ilikuwa ya zamani. Niliipokea. Niliifunika shuka nikaendelea na ile kuukuu yangu. Alipouliza, nilimwambia bado naizoea.

Na kweli hali ikawa mbaya. Krismasi ilimkuta Elide anashika ukuta ili afike chooni. Uma ulimtoka mkononi akila. Bibi Primetta alihesabu wiki: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya tano alikuja kwangu na ushindi usoni, lakini macho yalikuwa mekundu. Alisema mwanamke hajagusa gundi mwezi mzima na anazidi kufa miguu, basi gundi ina kosa gani? Ni upepo, na sasa Settimio anataka hata madirisha yafunguliwe.

Hata Elide alianza kuyumba. Nilimkuta ameketi mezani na furushi moja lililosahaulika, kopo mbele yake, ameshika brashi kwa ngumi kama mtoto. Alisema kama ni kuharibika ataharibika vyovyote, basi bora aharibike akifanya kazi. Nilimfuata Settimio. Alipanda tena zile ghorofa tatu. Safari hii hakufundisha.

"Daktari alikwambia itazidi kwanza?" aliuliza.

"Alisema."

"Mimi pia waliniambia. Wiki ya tano niliona siponi, nikarudi kwenye gundi. Kama ningengoja." Akauinua mguu wake mmoja kutoka sakafuni. Sehemu ya mbele ya kiatu ilining'inia. "Hiyo ndiyo wiki ya tano yangu. Iangalie vizuri, halafu paka gundi ukitaka."

Elide aliangalia. Kisha akanipa brashi. Bibi Primetta, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanipisha nitoe kopo nje.

Lakini sisi wengine je? Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye kilima kile. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani ndara zinamvuka. Watatu walikiri. Tulikubaliana. Jumatatu iliyofuata Gualtiero alikuta mafurushi yake yote yamepangwa uwanjani mbele ya kanisa, hayakuguswa. Tulimwambia kushona tutashona. Kupaka gundi jikoni basi.

Aliomba, akabembeleza, akatuita mama zake. Aliuliza tunataka viatu vya mfano avitoe wapi. Kisha akasema tunajidekeza, mama yake mzazi alipaka gundi miaka ishirini wala hakulalamika. Elide alikuwa amekalishwa kwenye ngazi ya kanisa, kati ya mumewe na Bibi.

"Mama yako anatembeaje siku hizi, Gualtiero?" alimuuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Sote tulijua. Mama yake alikuwa na mwaka wa tatu hajashuka ngazi za nyumba yake. Ilisemwa kuwa ni baridi yabisi. Gualtiero aligeukia kigari chake. Alipakia mafurushi moja moja, akashuka kilima taratibu sana kwa kijana wa mbio kama yeye.

Kiwanda kilitufungulia chumba cha gundi kabla Januari haijaisha. Kilikuwa zizi la zamani chini ya jengo la parokia, likapakwa chokaa. Meza ilikuwa na wavu kwa nyuma, na nyuma ya wavu feni kubwa ya kuvuta hewa na bomba la kuitoa nje juu ya paa. Fundi alitaka kuiweka feni darini. Settimio alimkatalia. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa, alisema, unatambaa chini kama ukungu wa bondeni. Feni ivute pale pale penye mikono, kabla mvuke haujafika puani. Ukivutia darini, unaupitisha usoni kwa mtu kwanza.

Makopo mapana yaliondoka. Vikaja vyombo vyenye mdomo mdogo unaotosha brashi tu, na kifuniko. Bitana tulianza kuibandika kwa gundi ya maji. Inachelewa kukauka, na mwanzoni tuliitukana, lakini haina ule mvuke. Tulipokezana, hakuna aliyekaa pale kutwa. Mkate haukuingia chumbani humo. Mikono tulinawa kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Vipande vikishapakwa na kukunjwa tulivibeba nyumbani kushona, na jikoni zetu zikaanza kunuka vitunguu tena. Mimi nilidhani pua yangu imeharibika. Kumbe ndivyo jiko linavyonuka.

Ilikuwa mwezi wa pili nilipomwona Bibi Primetta dirishani. Amevaa makoti mawili, shali kichwani, anayang'oa matambara moja moja. Karatasi zangu zilimshinda, zilikuwa zimeshika barabara. Aliniita nikazikwangue mwenyewe. Nilizikwangua. Akafungua dirisha lote, akakaa kule kwenye kona yake anatetemeka, anakunja uso, lakini hakulifunga.

Mwezi wa tatu kidole gumba cha mguu wa kulia wa Elide kilicheza. Quinto alitoka nje kulia ili asionekane, akaonekana na mtaa mzima. Karibu na Pasaka Elide alimfunga Mirella vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena, mtoto akachelewa shule. Wiki hiyo niliitoa mashine chini ya shuka, tukaibeba mimi na Quinto tukamrudishia. Gualtiero alituona mlangoni nayo. Alishika upande mmoja akatusaidia. Aliuliza tu hospitali ile ni siku gani wanapokea, kwa ajili ya mama yake.

Miguu ilichelewa zaidi, miguu huchelewa siku zote. Kiangazi chote Elide alitembea na fimbo. Zabibu zilipoanza kuvunwa aliiacha nyuma ya mlango.

Siku moja ya Oktoba tulikuwa tunarudi kutoka chumba cha gundi, ambako Elide aliningoja nje tu, yeye ametangulia, mimi nyuma na furushi. Alipita kwenye vile vigae vya chini akaanza kupanda ngazi. Mlango wa Settimio ukafunguliwa. Alitoa kichwa, akamtazama miguuni, kisha usoni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nimesikia mtu anapita, nikasema huyu nani, mbona simjui."

Elide alisimama. Alishuka ngazi mbili alizokuwa amepanda, akarudi mpaka mlango wa nje, akapita tena kwenye vigae taratibu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, ili Settimio asikie vizuri.